Kwa Baba Mkwe, Aliyekula Upande wa Pili wa Ukuta

Baba,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo moja nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kutazama kuku, nikarudi. Miaka yote uliyokaa nyumbani kwetu sikuwahi kukuamkia. Leo ndiyo mara ya kwanza.

Jina lako sitaliandika. Nimewauliza wanawake wa kwenu kama mkwe anaruhusiwa kulitaja jina la baba mkwe akishafariki, na kila mmoja amenijibu lake. Basi nabaki pale pale uliponizoea. Jambo moja tu nitalivunja. Kwenu Unyakyusa, na kwetu Uhehe vilevile, mkubwa huitwa kwa wingi. Lakini Kiswahili nilichofundishwa shule ya misheni kinasema "wewe", nami nitakuita hivyo. Usichukie.

Ni mimi Rebeka, mke wa mwanao Asajile. Yule wa upande wa pili wa ukuta.

Unajua nilivyokuja, lakini hukusikia kutoka kinywani mwangu. Kwetu ni Ilula, njia ya kwenda Iringa. Asajile alikuwa mpakiaji kwenye lori la kahawa. Lori likaharibika kwetu, wakakaa kusubiri spea, na spea ilipofika yeye hakuwa na haraka tena ya kuondoka. Tulifunga ndoa kanisani kwetu, kisha akanileta Tukuyu kwa dada yako, shangazi yake, anifundishe ukwe wa kwenu. Alinifungia ndani na kunifundisha. Nikisikia unakuja, nikimbie. Tukikutana ghafla, nijifunike nguo na kuchutama. Nisikutazame usoni, nisikanyage ulipoketi, nisitaje jina lako wala neno linalofanana nalo. Jina lako linafanana na neno la kitu kimoja cha jikoni. Tangu siku ile kitu hicho nakiita kwa Kihehe, na mjukuu wako amekua akidhani lugha zote hukiita hivyo.

Nilicheka moyoni, baba, nisikufiche. Kwetu baba mkwe huheshimiwa, lakini huamkiwa na hupewa kiti. Nikajiambia, huyu mzee yuko Tukuyu na ng'ombe wake na migomba yake, sisi tuko Mbeya. Tutaonana lini hata nimkimbie?

Kisha mguu wako ukaoza.

Asajile alikwenda kukuchukua akakuleta Mwanjelwa, kwenye nyumba tuliyoachiwa na binamu yake aliyehamia Chunya. Siku zile nyumba za Mwanjelwa zilikuwa za kuhesabika, na mashamba ya viazi yalianza mgongoni mwetu mpaka Ilomba. Unaikumbuka nyumba ilivyokuwa. Vyumba viwili vya matofali mabichi, bati lenye kutu, na nyuma kabisa kijichumba cha giza kilichoitwa jiko. Mlango ulikuwa mmoja tu, wa mbele. Wewe tulikupa chumba cha mbele kwa sababu ndicho chenye hewa, na hapo hapo mlangoni ukawa unakaa kuota jua, mguu juu ya kigoda. Mimi nilikuwa nyuma. Maji yalikuwa nje, choo kilikuwa nje, kuni zilikuwa nje, na njia ya kufika huko ilipita mbele ya kigoda chako.

Nilikuwa natoka alfajiri kabla hujaamka, nachota maji na kurudi kujificha. Mchana nikiishiwa maji, nimeishiwa. Jirani yetu Mama Zuhura, yule mwanamke wa asili ya pwani aliyekuwa akichoma vitumbua, alinihurumia. Akaniambia mjini mila zimekwisha, nitoke tu nimwamkie mzee, hakuna atakayekufa. Nilikuwa karibu kumsikiliza.

Lakini siku moja nilichelewa kisimani. Nilirudi na debe kichwani, nikaingia mlangoni, na wewe ulikuwa unatoka. Debe limejaa, siwezi kuchutama. Nguo ya kujifunikia sina. Nikasimama kama mti. Ungeweza kupita zako, wewe ni mzee na nyumba ni ya mwanao. Badala yake uligeuka ukaweka paji la uso kwenye ukuta, ukajivutia blanketi mpaka juu ya kichwa, ukasimama kwa mguu mmoja mpaka nikapita. Nilichokiona ni kisigino chako, bendeji, na blanketi lililokuwa linatetemeka kwa maumivu.

Niliweka debe chini nikakaa sakafuni. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mimi ndiye wa kukuhofu wewe. Hakuna aliyeniambia kwamba na wewe ulikuwa unanihofu mimi, hofu ile ile. Baba yangu mzazi ananipenda sana, lakini nikichelewesha chai hunifokea mbele ya wageni. Wewe mtu mzima, mgonjwa, uliugeukia ukuta ili usinifedheheshe. Sikuwa nimewahi kustahiwa hivyo na mtu yeyote.

Jioni ile nilikusikia ukizungumza na Asajile. Nilikuwa nyuma ya pazia la gunia, na kila neno lilipita. Ulimwambia, "Nirudishe nyumbani. Siwezi kumfunga mtoto wa watu ndani ya nyumba yake."

Asajile alijua maana yake. Hospitali walikuwa wamemwambia kwamba mguu ule usipooshwa na kufungwa kila mara, ama utakatwa ama utakuzika. Tukuyu hakukuwa na wa kukupeleka na kukurudisha. Alikuja nyuma akaketi karibu na moto, sahani mbele yake, hakula. Mimi nikamwambia, "Mzee tusimrudishe. Tuigeuze nyumba."

Fedha hatukuwa nazo, ila mikono ilikuwepo, na Mbeya ilikuwa imejaa vitu ambavyo watu wengine walivitupa. Ghalani alikofanya kazi Asajile kulikuwa na masanduku ya chai yaliyovunjika, mbao nyembamba zenye karatasi ya fedha ndani. Duka la mikate lilitupa magunia ya unga ya marikani. Madebe ya mafuta ya taa tuliyapasua na kuyanyoosha kwa nyundo juu ya jiwe mpaka yakawa bati. Mianzi ilitoka kwenu. Udongo mweupe niliuchimba kijitoni, mwekundu kwenye mteremko wa mlima Loleza, na mweusi nikaupata kwa kusaga mkaa.

Tulianza na mlango wangu. Jumapili baada ya ibada Asajile alibomoa ukuta wa nyuma wa jiko, na kwa mara ya kwanza mwanga ukaingia humo ndani. Niliona masizi yalivyoning'inia darini kama nywele. Nilicheka, halafu nikalia kidogo. Tukajenga uzio wa matete kutoka mlango huo mpaka chooni na mpaka njia ya kisimani, nikawa naweza kutoka na kuingia mchana kweupe bila kukukuta. Kisha tukaziba ule uwazi wa katikati, uliokuwa na pazia la gunia. Chumba chako kikawa chako, na mlango wake tukauhamishia upande wa jua la asubuhi.

Siku ambazo Asajile alikupakia kwenye baiskeli kwenda kuosha kidonda, mimi niliingia chumbani mwako na ndoo ya udongo. Nilisiriba sakafu kwa samadi na udongo, nikaisugua kwa jiwe la mtoni mpaka ikang'aa kama kibuyu kilichozeeka. Kuta nikazipaka nyeupe, na chini nikachora mstari mwekundu na mweusi kama nilivyoona kwenye nyumba za kwenu. Dari tuliitengeneza kwa mbao za masanduku ya chai, na ile karatasi ya fedha tukaibandika kwa uji wa ngano. Asajile aliniambia baadaye kwamba ulilala chali mchana kutwa ukitazama juu, na alipokuuliza kama kuna tatizo ukamjibu, "Niache. Natazama."

Watu walitucheka. Mama Zuhura alisimama uani, mikono kiunoni, akasema, "Watu hujenga wapate kumwona mgeni. Ninyi mnajenga msimwone." Hakusema kwa ubaya. Na kesho yake alileta chokaa iliyobaki nyumbani kwake.

Kazi ya mwisho ilikuwa shubaka. Katikati ya jiko langu na chumba chako Asajile alitoboa ukuta, tundu la kuenea sahani na kikombe, akaweka kijimlango cha ubao upande wangu na kingine upande wako. Mimi nikiweka chakula nafunga kwangu, nakohoa. Wewe unafungua kwako. Ukimaliza unarudisha sahani, unafunga, unagonga mara moja kwa kidole. Nilimwuliza Asajile kama mila inaruhusu. Akasema mila haijui shubaka, kwa hiyo haiwezi kulikataza.

Hukuzungumza tena habari ya kurudi Tukuyu.

Lakini sasa ilinibidi nikulishe, baba, na mimi sikujua chakula chenu. Kwetu ni ugali na mboga za majani. Ndizi niliziona kama tunda la kumtulizia mtoto. Mara ya kwanza nilizipika kwa kuzichemsha na chumvi, nikajisifu, nikakohoa. Sahani ikarudi na ndizi zimepangwa pembeni, nzimanzima, kwa adabu kubwa. Ulikuwa umekula mchuzi tu.

Mwenye baba mkwe wa kuzungumza naye huambiwa, mama, ongeza hiki, punguza kile. Mimi nilikuwa na sahani. Nikajifunza kuisoma. Ukiacha ndizi pembeni, hazikuiva. Ukiacha mchuzi, mafuta yamezidi. Nikapata mifupa kwa muuza nyama, ile inayotupiwa mbwa, nikaichemsha tangu asubuhi mpaka maji yakawa meupe, nikatia ndizi na karanga za kusaga. Sahani ikarudi imefutwa. Nikajaribu maharage na maziwa ya mgando, majani ya maboga na karanga, viazi vya Ilomba vilivyochomwa kwenye majivu. Nikakupikia na vya kwetu pia, ugali wa ulezi ukiwa wa moto kabisa, na mboga za majani ya kunde zilizokaushwa juani, ambazo mama alinitumia kutoka Ilula kwa dereva wa lori. Nilidhani utazirudisha. Ulizimaliza, na sahani ilirudi imesuuzwa kwa maji ya kunywa, na ndani yake umeweka kijiko cha mwanzi ulichokichonga mwenyewe, chepesi kama unyoya.

Nilisimama nacho mkononi mpaka maziwa yakafurika motoni.

Baada ya hapo mambo yakaanza kutokea ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nashangaa. Nilitoka shambani siku moja nikakuta mlango wangu wa jikoni haupo. Ule niliousuka mwenyewe kwa mianzi, uliokaa upande kama mlevi. Mahali pake palikuwa na mwingine, vipande vyeupe na vilivyofukizwa moshi vikipishana, vikipanda na kushuka kama kitambaa cha kufumwa. Asajile alikuwa safarini, hivyo ni wewe. Ulisubiri nitoke, ukazunguka nyumba kwa fimbo na mguu ule, ukafanya kazi, ukarudi kwako kabla sijafika. Ndipo Asajile aliponiambia kwamba ujanani watu wa kwenu walikuwa wakikufuata kutoka mbali uwajengee nyumba za mianzi, na kwamba tangu mama yake afariki hukushika tena kisu cha kazi.

Siku nyingine nikakuta rafu ya vyungu. Siku nyingine kigoda. Halafu ikaja ile kazi iliyomfanya hata Mama Zuhura anyamaze. Ulipasua mianzi mirefu katikati, ukaitoboa viungo, ukaiunganisha chini ya ukingo wa bati kuzunguka nyumba nzima, ikashuka mpaka kwenye pipa mlangoni kwangu. Mvua ya kwanza iliponyesha nilisikia maji yanatembea ukutani, yanakuja, yanakuja, yakaanguka ndani ya pipa karibu na mguu wangu. Nilitia mkono. Mtu ambaye hakuwahi kuniona nikibeba debe ila mara ile moja alikuwa ameniletea maji mpaka jikoni.

Nilitaka kukushukuru, na njia haikuwepo. Nikakupikia.

Sasa niandike siku aliyozaliwa Tusekile, kwa sababu hatukuizungumza kamwe.

Ilikuwa masika, mchana. Asajile alikuwa ameondoka na lori kwenda Iringa. Mama Zuhura alikuwa msibani na wanawake wengi wa mtaa walikuwa wamemfuata. Mimi nilikuwa nachambua maharage pale uchungu uliponishika, mapema kuliko nilivyotarajia. Nilijitahidi kunyamaza. Nilijua uko upande wa pili, na niliona haya kuliko nilivyoona maumivu. Nikauma kanga. Lakini ulikuja mmoja mkubwa, sauti ikanitoka.

Nikasikia fimbo yako ikisimama. Kijimlango cha shubaka hukukifungua. Nilisikia pumzi yako karibu na udongo, kisha kwa mara ya kwanza nikakusikia ukisema jambo linalonihusu mimi nikiwa nalisikia. Hukuniambia mimi. Uliuambia ukuta.

"Wewe ukuta," ulisema, "mwambie mwanangu asiogope. Nakwenda kuita wanawake."

Mwanangu. Si mke wa Asajile. Si mkwe.

Mvua ilikuwa inapiga bati hata sikusikia unatoka. Baadaye yule bibi wa Kisafwa aliyenizalisha alinisimulia alivyokuona ukivuka kijito, mtu wa fimbo, bendeji imelegea inaburutwa kwenye tope, unapaza sauti tangu mbali. Alidhani nyumba inaungua. Alipokuuliza ni nani anayejifungua hukuweza kunitaja, ukamwonyesha kwa fimbo tu, akakimbia mbele akakuacha nyuma.

Aliponifikia nilikuwa nimekwisha nguvu na hofu imenishika, kwa maana nilikuwa nimeona damu nyingi. Alifanya kazi yake. Na katikati ya yale yote nikaanza kusikia kitu ukutani. Ka. Ka. Ka. Ulikuwa umerudi. Umekaa chini ya ukingo wa bati, upande wako, mvua inakurushia maji, na umechukua kisu unapasua mianzi. Hukuwa unatengeneza kitu, maana kesho yake Asajile alikuta rundo tu la vijiti visivyo na kazi. Ulikuwa unanijulisha kwamba kuna mtu. Kila nilipozama nilikisikia kisu kile, hakiendi mbio wala hakisimami, nikakishika kama kamba. Mtoto alipolia kikanyamaza.

Bibi yule alitoka kukupa habari. Akarudi akasema mzee amevua kofia kwenye mvua.

Asajile alipofika alimwita mtoto Tusekile, tumefurahi. Aliniambia wewe ndiye uliyelichagua.

Kidonda chako kilichafuka kwa safari ile, lakini Mungu alikuwa na sisi. Kilipona polepole, kikabaki kovu. Ungeweza kurudi kwenu. Hatukukuuliza, nawe hukusema. Mtoto alijifunza kutembea kati ya milango yetu miwili, akawa ndiye mtu pekee nyumbani asiyejua kwamba kuna ukuta. Alikuja kwangu na harufu ya tumbaku yako, akaenda kwako na unga wangu mashavuni. Yeye ndiye aliyekuwa akiniambia babu anataka ndizi za nyama, babu amesema uji wa jana ulikuwa mzuri, babu anauliza mama amepona kichwa? Nami nilijibu kupitia yeye. Maneno yetu mengine aliyala njiani, akaongeza ya kwake, na siku moja uliletewa kuku mzima kwa sababu yeye ndiye aliyemtaka.

Kipupwe hiki kilikuwa kikali. Unakumbuka baridi ya asubuhi zile, majani ya viazi yameungua kwa barafu. Nilikupikia uji wa ulezi na maziwa, nikakohoa, nikafunga. Kidole hakikugonga. Nikasubiri. Nilipofungua upande wangu nikakuta bakuli limejaa, na utando juu. Nikakupikia mchuzi wa mifupa. Ukarudi vilevile. Hapo nilijua kabla ya Asajile kuniambia kwamba homa imeshuka kifuani.

Ulikufa mwanao akiwa amekushika mkono. Mimi nilikuwa jikoni, mkono wangu kwenye ule ukuta, upande wangu. Ndipo palipokuwa mahali pangu.

Tulikurudisha Tukuyu. Nilikaa na wanawake, nikalia kama wanavyolia wa kwenu, nikajifunika. Kabla ya kukutoa nje dada yako alinijia. Yule yule aliyenifundisha kukukimbia. Amezeeka sasa, anatembea ameinama. Alinishika mkono akaniambia, "Njoo umwone mtu uliyemlisha."

Alinivuta taratibu, akanifunua nguo kichwani kwa mkono wake mwenyewe.

Nitakueleza hayo mwishoni. Ngoja kwanza nikupe habari za nyumbani, kwa sababu najua ungeuliza.

Mifereji inafanya kazi. Kiungo kimoja kilioza, Asajile akakibadilisha, lakini chake kinavuja na vyako havikuwahi kuvuja, na yeye mwenyewe amekiri. Jioni anakaa chumbani kwako bila kuwasha taa. Simwingilii. Watu wametushauri tubomoe ukuta tupate sebule moja kubwa kama za wenzetu. Mwingine ametaka kukipanga chumba chako. Tumesema bado. Baba yangu alikuja kunihani kutoka Ilula, akalala humo. Asubuhi nilimkuta amesimama anapitisha vidole kwenye mlango ulioufuma, mtu asiyenyamaza yule, amenyamaza. Aliniuliza ulikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia ulipenda ndizi zilizoiva sana na hukupenda mafuta. Bado nakohoa nikipita mlangoni kwako. Mama Zuhura hanicheki tena. Naye amejenga shubaka kwake, lakini lake ni la kuuzia vitumbua.

Sasa uso wako, baba.

Kwanza niliona ulivyo mdogo. Sauti yako ilikuwa nzito, na kwa miaka yote nilikuwa nimemjenga kichwani mwangu mtu mrefu, mpana, mwenye ndevu. Nikakuta mzee mwembamba, anayeweza kubebwa na mwanamke. Nilishangaa mwili ule ulivyovuka kijito kile kwenye mvua.

Kisha nikatazama vizuri. Paji la uso limechomoza kidogo. Nyusi ya kushoto iko juu kuliko ya kulia, kama ya mtu anayetaka kuuliza. Masikio yamesimama mbali na kichwa. Kidevu kina kishimo. Nikageuka nikamtafuta Tusekile, alikuwa mlangoni, amebebwa na binamu yake, ananitazama kwa nyusi ile ile.

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Asajile ni sura ya mama yake, hivyo sikuwa na pa kukisia. Nadhani wote waliona kwamba kumsimulia mkwe uso wa baba mkwe wake ni kama kumfungulia mlango, wakanyamaza kwa heshima. Nami siku zote hizo, baba, nilijua kwamba sijakuona. Kumbe nilikuwa nakunawisha uso kila asubuhi kwenye karai. Nilikupaka mafuta ulipopasuka midomo kwa baridi. Nilikubusu. Nilikugombeza, Mungu anisamehe, nikakufuta machozi. Ukuta tuliujenga kwa mikono yetu, tukauweka imara, na wewe ukapita katikati yake ukaja kulala kifuani kwangu.

Nimekaa na jambo hilo tangu mazishi, na kila nikimtazama mtoto nasimamisha kazi niliyoishika.

Nakuaga sasa, baba. Dada yako amesema nisilie sana, kwamba uliondoka umeshiba. Ahadi yangu ni hii: Tusekile akikua nitamweka mbele ya kioo, nimwambie uso alionao ni wa nani na ulifanya nini. Jina lako atalitaja yeye, kwa sauti, kwa niaba yangu. Na kesho asubuhi nitamnawisha polepole, maji yakiwa ya moto.

Ndaga fijo, tata. Asante sana, baba.

Mwanao,
Rebeka